Karatasi Iliyozoea Kuvaliwa

Mwaka 1689 mshairi Matsuo Bashō alifunga safari ndefu ya miguu kuelekea kaskazini mwa Japani, na ndani ya mzigo wake mlikuwa na joho la karatasi. Lilikuwa la kumkinga na baridi ya usiku, na wenzake hawakuona ajabu. Nguo za namna hiyo, kamiko, zilivaliwa na watawa, wasafiri na watu wasio na uwezo wa kununua nguo nzito. Mjini Nara bado zinavaliwa. Kila mwaka katika ibada ya Shuni-e kwenye hekalu la Tōdai-ji, ibada ambayo haijakatizwa tangu mwaka 752, watawa hukesha kwenye baridi wakiwa na mavazi ya karatasi mwilini.

Hapo ndipo pa kuanzia habari ya bruchi, lile pambo dogo la kubana kifuani kwa pini, ambalo mafundi wa Japani siku hizi hulitengeneza kwa karatasi ya mkono. Mtu anayelitazama kwa mara ya kwanza huuliza litadumu siku ngapi. Anafikiria karatasi ya daftari na ya gazeti, inayolegea ikiguswa na tone la maji. Washi, karatasi ya Wajapani, ni kitu kingine. Imevaliwa na watu kwa karne nyingi, na bruchi ni kituo chake cha karibuni tu.

Tarikh ya kale ya Nihon Shoki inasimulia kwamba mtawa Damjing, kutoka ufalme wa Goguryeo katika rasi ya Korea, alifika Japani mwaka 610 akiwa na ujuzi wa kutengeneza karatasi na wino. Ujuzi huo ulipofika kwa wakulima wa milimani, ukawa kazi ya kipupwe, mashamba yanapokuwa yamelala. Mti mkuu ni kōzo, wa jamii moja na mforosadi. Matawi yake hukatwa majani yakishapukutika, hufukizwa kwa mvuke, kisha gome huvuliwa na ganda lake jeusi hukwanguliwa kwa kisu hadi ubaki utepe mweupe wa ndani. Utepe huchemshwa katika maji ya jivu au magadi, husafishwa kwa vidole ndani ya maji baridi, uchafu mmoja baada ya mwingine, halafu hupondwa. Mpondaji hatafuti unga. Anataka nyuzi ziachane zikiwa nzima, kwa sababu uzi wa kōzo una urefu wa sentimita moja hivi, na urefu huo ndio nguvu yote ya karatasi.

Nyuzi zikishatiwa kwenye hodhi la maji, huongezewa ute wa mizizi ya tororo-aoi, mmea ulio ndugu wa karibu wa bamia. Aliyewahi kupika mlenda anaufahamu ute wa aina hiyo. Hufanya maji yawe mazito, nyuzi zielee bila kugandana, na fundi apate muda wa kutikisa chekeche lake la mianzi mbele na nyuma, tena na tena, hadi nyuzi zipishane tabaka juu ya tabaka. Joto huudhoofisha ute huo. Ndiyo maana karatasi bora ilitengenezwa kwenye baridi kali, na mikono ya watengenezaji ililipa gharama yake.

Watu wa Afrika Mashariki wana cha kulinganisha hapa. Nguo ya gome ya Waganda hutokana na mutuba, mti ulio katika familia moja ya mimea na kōzo. Mganda hulipiga gome kwa nyundo za mbao hadi litanuke likiwa kipande kimoja. Mjapani hulivunjavunja na kulisuka upya ndani ya maji. UNESCO imezitambua kazi zote mbili kuwa urithi wa binadamu: ile ya Uganda iliingia kwenye orodha mwaka 2008, na washi ya Hosokawa, Mino na Sekishū mwaka 2014.

Ili karatasi iwe nguo, ilipakwa wanga wa konnyaku, kiazi kinacholiwa Japani, kisha ikafinyangwa mikononi hadi ikalainika kama ngozi. Maji machungu ya tunda la kaki yaliizuia isilowe. Ujuzi huohuo ulikuja kutumika vibaya. Kati ya 1944 na 1945 jeshi la Japani liliwaweka wasichana wa shule kugandisha washi kwa wanga wa konnyaku, tabaka kwa tabaka, watengeneze maputo ya kubeba mabomu kuvuka Bahari ya Pasifiki. Moja liliwaua watu sita huko Oregon mnamo tarehe 5 Mei 1945: mama mjamzito na watoto watano. Uimara wa karatasi hii haujawahi kuwa jambo la mapambo peke yake.

Washi ilikaa hata kichwani. Tangu karne ya 17 wanaume na wanawake wa Japani walifunga nywele zao kwa motoyui, kamba nyembamba za karatasi iliyosokotwa na kukazwa kwa gundi. Mji wa Iida, katika bonde la mto Tenryū mkoani Nagano, ulijijengea jina kwa kamba hizo. Kisha ukaja mwaka 1871. Serikali mpya ya Meiji ilitoa amri iliyowaruhusu wanaume kuacha kishungi cha jadi na kukata nywele fupi, na mwaka 1873 Mfalme Meiji mwenyewe akakata zake. Kwa msusi ilikuwa mtindo mpya tu, lakini kwa Iida ilikuwa soko linaloyeyuka.

Watu wa Iida hawakuvunja vyombo vyao. Walikuwa wakijua pia kutengeneza mizuhiki, kamba za rangi za kufungia zawadi za harusi na bahasha za rambirambi, nazo hutokana na washi ileile iliyosokotwa. Wakaielekeza nguvu yao huko, na hadi leo sehemu kubwa ya mizuhiki ya Japani hutoka Iida. Motoyui haikufa kabisa: wapiganaji wa sumo bado wanafunga vishungi vyao kwa kamba za mji huo.

Bruchi yenyewe iliingia Japani kwa mlango mwingine, na mlango huo ulifunguliwa na serikali ileile. Kimono haihitaji pini kifuani. Hufungwa kwa mshipi mpana wa obi, na pambo lake, obidome, hukaa kwenye kamba inayopita juu ya mshipi. Mwaka 1876 samurai walipopigwa marufuku kubeba panga hadharani, mafundi wa madini waliokuwa wakinakshi vipini na ala walipoteza wateja kwa mpigo mmoja, na wengi wakahamishia patasi zao kwenye vifungo vya obi na mapambo ya kuuza ng'ambo. Wakati huohuo magauni ya Kizungu yakawa yanapanda ngazi za ikulu. Ukumbi wa Rokumeikan ulifunguliwa Tokyo mwaka 1883 kwa dansi na karamu za wageni. Malkia Haruko alianza kuvaa gauni hadharani mwaka 1886, na mwaka uliofuata akawahimiza wanawake wa nchi yake kuvaa mavazi hayo, ila wayashone kwa vitambaa vya nyumbani. Gauni lina kola na kifua kilicho wazi. Bruchi ikapata pa kukaa.

Bruchi za mwanzo zilikuwa za madini, kauri na laka. Karatasi ilifika baadaye, ikiwa imeshabeba karne mbili za mazoezi ya urembo. Edo, jiji lililokuja kuitwa Tokyo, lilikuwa na chiyogami, karatasi zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa maua, mawimbi na feni, za kufunikia vijisanduku na kuvalisha wanasesere. Duka la Isetatsu, lililoanzishwa 1864, bado linaziuza mtaani Yanaka. Vibao vyake viliteketea katika tetemeko kubwa la 1923, na kizazi kilichofuata kikaketi kuvichonga upya. Huko Kyoto michoro ya kitambaa cha kimono, iliyopewa jina la Miyazaki Yūzen, mchoraji wa feni wa mwishoni mwa karne ya 17, ilihamishiwa kwenye karatasi, ikawa yūzen yenye rangi nzito na mistari ya dhahabu.

Ugumu nao ulikwishatafutiwa dawa zamani. Katika karne ya 17 Hiki Ikkan, mhamiaji kutoka China aliyefika Kyoto, alibandika washi tabaka kwa tabaka juu ya kalibu, akaipaka laka, akapata vyombo vyepesi vilivyopendwa na walimu wa sherehe ya chai. Ukoo wake unaendelea na kazi hiyo chini ya jina lake. Anayetengeneza bruchi ya washi leo anapita njia ileile kwa kipimo cha kidole gumba. Huanza na mabaki, vipande ambavyo mfunika visanduku angevitupa. Huvikata, au huchora mstari kwa brashi ya maji na kuvichana polepole ili ukingo ubaki na nyuzi laini zinazoonekana. Huvibandika kwa gundi ya ngano, huviweka chini ya uzito vikauke bila kukunjamana, kisha huvipaka laka au vanishi mara kadhaa, kila tabaka likisubiri lililotangulia. Pini ndiyo mtihani. Ikigundishwa juu juu, huondoka na ngozi ya karatasi, hivyo fundi makini hukizika kitako chake kati ya tabaka mbili. Wanaotumia mizuhiki hawana haja ya mkasi mwingi: hufunga fundo la awaji au la ua la plamu, lilelile la kwenye bahasha za harusi, na kulitia pini mgongoni.

Kazi hii inastahili kupendwa, lakini isikabidhiwe mzigo isioweza kuubeba. Mwaka 1901 Japani ilikuwa na kaya zaidi ya 68,000 zinazotengeneza karatasi kwa mkono. Sasa zimebaki mia chache. Bruchi moja hula karatasi ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Inamfanya kijana wa Osaka avae washi kwenye koti lake, jambo jema kabisa, ila haiwezi kuliweka shamba la kōzo hai jinsi milango ya karatasi ya shōji na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara vilivyoweza. Sehemu ya kōzo inayotumika sasa huagizwa kutoka Thailand. Mwaka 2019 wakulima wachache wa Omitama, mkoani Ibaraki, waliokuwa wakitoa sehemu kubwa ya tororo-aoi ya nchi nzima, walitangaza kwamba umri umewatupa mkono na wanakusudia kuacha kilimo hicho. Baadhi ya watengenezaji karatasi wameanza kuupanda mmea huo wenyewe, pembeni mwa karakana zao.