Kufuli ya theluthi mbili

Ukiwa Vuga, mkabala na Ikulu ya Zanzibar, unaikuta Bustani ya Victoria. Mna ukumbi humo ambao mpita njia hana sababu ya kuutazama mara mbili. Tangu 1926 hadi Mapinduzi, sheria za Unguja na Pemba zilipitishwa ndani yake, na kwa miaka 31 ya mwanzo hakuketi humo hata mjumbe mmoja aliyepigiwa kura.

Lile lilikuwa Baraza la Kutunga Sheria, la maofisa wa serikali na watu walioteuliwa. Wananchi walipiga kura kwa mara ya kwanza Julai 1957, kwa viti 6 tu, na wanawake hawakuruhusiwa. Zikaanza zama za siasa, ambazo wazee wetu bado wanazitaja kwa sauti ya chini. Januari 1961 viti vilikuwa 22, na vyama vitatu vikavigawana: ASP ikapata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili upande wa Hizbu na mmoja upande wa ASP, ikawa 11 kwa 11. Kikaongezwa kiti cha 23 ili sare isitokee tena, uchaguzi ukarudiwa Juni, na watu 68 wakapoteza maisha katika ghasia. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Hesabu ya watu na hesabu ya viti zilikuwa zimeachana, na hapakuwa na chombo kingine ambacho walioshindwa wangekwenda kukikimbilia. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964.

Kwa miaka 16 baada ya hapo, Baraza la Mapinduzi lilitawala na kutunga sheria kwa pamoja. Baraza la Wawakilishi lilizaliwa na Katiba ya 1979, likakaa kwa mara ya kwanza Januari 1980. Nyumba yake ya zamani ilikuwa Kikwajuni. Leo iko Chukwani, kusini mwa mji.

Nchi nyingine hulinda upande mdogo kwa chombo cha pili cha kutunga sheria. Kenya ilipopata uhuru 1963 ilikuwa na chombo hicho, Seneti, ikaifuta miaka michache baadaye, kisha ikairudisha 2013. Sisi hatukuwahi kuwa na Seneti. Muungano wa Aprili 1964 ulitupa njia nyingine: Bunge moja la mambo ya Muungano, na Zanzibar ibaki na chombo chake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mambo ya Muungano yalianza 11. Orodha ya leo ina vipengele 22. Kila kilichoongezwa kilipunguza kitu mezani kwa Wawakilishi.

Mtu akiniuliza nani basi anayelinda upande mdogo, namwonyesha Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano. Kuna mambo mazito, yakiwemo mamlaka ya Serikali ya Mapinduzi, Mahakama Kuu ya Zanzibar na ile orodha yenyewe, ambayo hayabadilishwi mpaka ipatikane theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hiyo ndiyo Seneti yetu, imefichwa ndani ya ukumbi mmoja wa Dodoma. Oktoba 2014, Bunge Maalumu lilipopigia kura Katiba Inayopendekezwa kwa kanuni kama hiyo, nchi nzima ilisubiri hesabu ya upande wa Zanzibar.

Ufunguo wa pili uko Chukwani kwenyewe. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinasema sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar ila iwe ya mambo ya Muungano, na Waziri anayehusika lazima aipeleke mbele ya Baraza. Tena Baraza linachagua wajumbe wake 5 kwenda kuwa wabunge Dodoma, watu wenye kiti kila upande wa bahari.

Nguvu hizi si za karatasi. Wawakilishi walidai kwa miaka mafuta na gesi yasimamiwe na Zanzibar. 2016 walipitisha sheria yao wenyewe. Lakini mlango huu hauna faida kama mlinzi hajui ameshika ufunguo, na kwa maoni yangu Kifungu cha 132 kinasomwa mara chache mno.

Mwananchi wa Unguja na Pemba, vikao vya Chukwani viko wazi. Nenda ukakae, umsikilize mjumbe wako, kisha umuulize: sheria ya mwisho iliyotoka Dodoma ililetwa kwenu lini?