Juma Moja Katika Nyumba ya Krapf, Mombasa, 1844



Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa chuo cha ualimu historia ya pwani yetu. Nikawauliza habari za Johann Ludwig Krapf, nao wakajibu upesi: alifika Mombasa mwaka wa 1844, akauona mlima Kenya mwaka wa 1849, akatunga sarufi ya Kiswahili na kamusi yake. Nikawasifu. Ndipo mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, mtu huyu alikuwa na mke?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana niliona haya. Nilikuwa nimelifundisha somo lile miaka mingi, wala sijapata kumtaja mke huyo hata mara moja.

Basi jioni hii nataka kulijibu swali la kijana yule. Nami nitalijibu kwa kueleza habari za juma moja tu, tangu Jumamosi tarehe 6 Julai hata Jumamosi tarehe 13 Julai, mwaka wa 1844. Katika juma lile hakuna mlima ulioonekana, wala kitabu kilichopigwa chapa. Lakini atakaye kujua kazi ile ilisimama juu ya nini, na alitazame juma lile.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea kazi ya misioni huko Basel katika nchi ya Uswisi, kisha chama cha C.M.S. cha Uingereza kikampeleka Uhabeshi mwaka wa 1837. Huko alijifunza lugha za nchi, akawa na shauku kubwa ya kuwafikia Waoromo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagalla. Mwaka wa 1842 alimwoa Rosine Dietrich, mwenyeji wa Basel, aliyesafiri kutoka kwao hata Misri ili waoane.

Bibi huyu hakupewa muda wa kupumzika. Walipojaribu kuingia tena Uhabeshi, njia ilikuwa imefungwa kwao. Katika safari ile ya taabu, nyikani, mbali na nyumba yo yote, Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake kutimia, na mtoto akafa. Baba yake alimwita Eneba, neno la Kiamhari ambalo maana yake ni chozi. Wakamzika palepale, wakaendelea na safari.

Njia ya kaskazini ilipokataa, Krapf aliazimu kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, yaani kwa pwani yetu. Wakafika Unguja mwezi wa Januari 1844. Sayyid Said bin Sultani, aliyetawala Unguja na pwani pamoja na Omani, aliwapokea vema, akampa Krapf barua kwa maliwali wake, akiwaagiza wamtendee wema kwa kuwa ni mtu mwema apendaye kuwaongoza watu kwa Mungu. Mwezi wa Machi Krapf alikwenda kuitazama Mombasa, na mkewe akamngojea Unguja. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa wote wawili.

Mombasa ya siku zile msiifikirie kama mji wa leo. Hapakuwa na reli, wala gati za meli kubwa za Kilindini, wala daraja la kuunganisha kisiwa na bara. Mtu wa bara alivuka kwa mashua. Palikuwa na ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Palikuwa na nyumba za mawe na nyumba za makuti, misikiti na visima. Nguvu ya Wamazrui ilikuwa imevunjwa na Sayyid Said mwaka wa 1837, na sasa Liwali wake alikaa mjini. Hapakuwa na hospitali. Mke na mume hawa hawakuwa na mmisionari mwenzao katika pwani yote.

Lakini walikuwa na jirani. Tarehe 8 Juni, majuma manne kamili kabla ya juma letu, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa. Jambo hili nataka tulifikiri kidogo. Huyu ni Mkristo kutoka Ujerumani, aliyekijua Kiarabu na lugha za Uhabeshi, lakini Kiswahili anaanza kukijua. Yule ni Mwislamu, hakimu wa sheria, mwenye heshima mjini. Krapf hakuificha nia yake, wala Kadhi hakuiacha dini yake. Hata hivyo walikaa pamoja juu ya kitabu kimoja. Habari za Adamu, Nuhu, Ibrahimu na Yusufu zilijulikana kwa wote wawili. Kilichotafutwa kilikuwa neno la Kiswahili lililo sawa. Na neno hilo mgeni angelipata wapi, isipokuwa kwa mwenye lugha?

Basi kazi ilikuwa imeanza vema. Hata mwanzo wa Julai homa ikaingia nyumbani.

Wakati ule Wazungu walidhani homa ya namna hii hutoka katika hewa ya mabwawa. Hata neno malaria asili yake ni hewa mbaya. Haikujulikana kwamba mbu ndiye aichukuaye, mpaka Ronald Ross alipoviona vijidudu vyake ndani ya mbu huko India mwaka wa 1897. Dawa ya kwinini ilikuwako, lakini kiasi chake na namna ya kuitumia havikuwa vimejulikana vizuri. Tena leo twajua kwamba mama mwenye mimba, na mama aliyejifungua karibuni, huweza kushikwa na malaria vibaya kuliko watu wengine. Bibi Rosine alikuwa na mimba, na siku zake zilikuwa zimewadia. Mvua za masika zilikuwa zimepita karibuni, na mbu ni wengi baada ya mvua. Na upepo ulikuwa kusi: chombo cha tanga kitokacho Mombasa kwenda Unguja, alikokaa balozi wa Uingereza, hupingwa na upepo ule. Hapakuwa na msaada wa kuja upesi, wala njia ya kuondoka upesi.

Aliyeanza kuugua alikuwa Krapf mwenyewe. Alipopata nafuu kidogo, siku ya Alhamisi tarehe 4, homa ikamshika mkewe.

Jumamosi tarehe 6, katikati ya homa ile, Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike. Wazazi waliokwisha kumzika mtoto mmoja njiani walimpata mwingine hai, chini ya dari, katika mji wenye watu. Kina mama wanaonisikia watafahamu jambo hili kuliko niwezavyo kulisema.

Lakini furaha ile haikukaa. Homa ya mama ilizidi, na ya baba ikarudi. Siku zile mume na mke walilala wagonjwa wote wawili, na mtoto mchanga kati yao. Mtoto wa siku mbili tatu hutaka kunyonyeshwa, kuoshwa na kufunikwa. Wagonjwa hutaka maji, uji na mtu wa kukesha. Kazi hizi haziandikwi katika historia, lakini juma lile uzima wote wa nyumba ulitegemea hizo, na mikono iliyozifanya ilikuwa mikono ya watu wa Mombasa waliokuwamo nyumbani.

Jumanne tarehe 9, Bibi Rosine aliona kwamba mauti yamekaribia. Akamuaga mumewe, aliyekuwa amelala bila nguvu ya kuinuka. Akasema pia na Waislamu waliokuwapo, akiwaeleza tumaini lake katika imani yake. Wasikilizaji wangu wa dini mbalimbali watalipima jambo hili kila mtu kwa dini yake. Mimi nalitaja kwa sababu moja: katika juma zima, hapo ndipo tumsikiapo akisema mwenyewe. Mahali pengine pote katika habari zake, mumewe ndiye asemaye.

Siku nne zikapita. Jumamosi tarehe 13 Julai, siku ya nane tangu mtoto kuzaliwa, Bibi Rosine alikufa. Krapf ameandika kwamba alikuwa dhaifu hata aliweza kwa shida tu kuinuka kitandani, ahakikishe kwamba mkewe amekufa kweli.

Alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, katika nchi ya Wanyika, ambao leo twawaita Wamijikenda. Krapf alitaka kaburi liwe mahali pale, ili wapitao njia walione na kukumbuka ni neno gani lililowaleta wageni wale. Sasa fikirini: maiti ivukishwe maji kwa mashua, kisha ipandishwe kwenye ardhi ya bara, na kaburi lichimbwe. Mume ni mgonjwa, hana ndugu wala mwenzi. Ni dhahiri kwamba waliovuka na maiti na waliochimba walikuwa watu wa hapa. Majina yao hayakuandikwa, lakini Krapf asingaliweza kumzika mkewe bila wao.

Hazikupita siku nyingi, mtoto naye akafa, akazikwa karibu na mama yake.

Je, Krapf alifanya nini baada ya hayo? Aliwaandikia wakuu wa chama chake huko Uingereza. Mtu angedhani ataomba kurudishwa kwao. Hakuomba. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi la upweke katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kaburi hilo ni alama ya kwamba kazi imeanza. Kisha, nguvu ziliporudi, akarudi mezani.

Mwaka wa 1846 alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakaanzisha kituo Rabai, wote wawili wakiwa na homa siku waliyopanda kilima. Mwaka wa 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili zilipigwa chapa huko Marekani katika jarida la wataalamu. Hilo ndilo tunda la kazi iliyoanzwa na Kadhi. Rebmann akauona Kilimanjaro mwaka wa 1848. Sarufi ikatoka mwaka wa 1850. Krapf alirudi Ulaya mwaka wa 1853, akafa huko Ujerumani mwaka wa 1881, na kamusi yake kubwa ikatoka London mwaka wa 1882, yeye asiione.

Hapo yafaa niseme neno la haki. Wasifikiri wanafunzi kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa na Krapf. Waswahili walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Utendi wa Tambuka ulitungwa mwaka wa 1728, na Krapf mwenyewe alikusanya miswada ya tenzi za Kiswahili akaipeleka Ujerumani. Alilofanya ni kukipanga Kiswahili katika sarufi na kamusi kwa herufi za Kirumi, ambazo wengi wetu twazitumia leo. Na hayo aliyafanya kwa maneno aliyopewa na wenyeji.

Sasa narudi kwa kijana wangu wa darasa la nyuma. Ndiyo, mwanangu, Krapf alikuwa na mke. Jina lake ni Rosine. Alizika mtoto nyikani, akaja pwani yetu pamoja na mumewe, akakaa Mombasa miezi miwili hivi, akazaa, akafa. Hakuacha kitabu wala kamusi. Lakini mtu akitaka kuhesabu gharama ya kazi ile, ataikuta imeandikwa juu ya kaburi lake, wala si katika daftari la chama.

Nanyi waalimu wenzangu, nawaomba tusiifanye historia kuwa orodha ya majina makubwa na tarehe. Tukilitaja jina moja, tuulize na mengine. Nani alimpikia mtu huyu? Nani alimfundisha neno la kwanza la lugha? Nani alichimba kaburi? Katika juma hili moja tumewaona mke, kadhi, na watu wa nyumba na wa mashua, ambao pasipo wao mtu huyo mashuhuri asingeandika hata ukurasa mmoja. Kila kijiji chenu kina habari za namna hii. Wazee wanazijua, nao hawatakaa nasi daima. Waulizeni, na mwandike mtakayoambiwa.

Atakayefika Mombasa na avuke kwenda upande wa Nyali. Liko huko kaburi la mama na mtoto, na karibu nalo mnara wa kumbukumbu ya Krapf. Watu wengi huutazama mnara. Nawasihi mlitazame kaburi kwanza.

Kwaherini.