Safari ya Washington katika Majira ya Kuchipua

Wahenga wa pwani walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Maana yake ni wazi kwa kila mtu aliyepata kulala ugenini: mwenye nyumba, shamba na jina kwao, akiisha kuvuka mpaka wa mji wake, hana ila kile alichokichukua mkononi, na hisani ya wale atakaowakuta mbele. Ndiyo sababu msafiri mwenye busara huianza safari yake kabla ya kuondoka. Huchagua siku, huhesabu fedha, huulizia malazi. Historia ya safari za matembezi kwenda Washington, mji mkuu wa Marekani, katika majira ya kuchipua, yaonyesha jinsi kazi hii ya maandalizi ilivyokuwa nyepesi kwa baadhi ya raia na nzito mno kwa wengine, ingawa nchi ilikuwa yao wote na mji ule ulikuwa mji mkuu wa wote.

Majira ya kuchipua hayana yanayolingana nayo sawasawa katika Afrika ya Mashariki. Miezi yake ni Machi, Aprili na Mei, miezi ambayo huku pwani ni ya masika, wakati njia huharibika na msafiri aghalabu hungoja. Huko mambo ni kinyume. Baridi hukoma, miti iliyosimama uchi tangu Novemba huanza kuvaa majani, na watu waliofungiana majumbani hutamani kutoka. Skuli nyingi huwapeleka wanafunzi wao Washington wakati huo, nao mji wafaa kwa jambo hilo, maana ulikusudiwa tangu mwanzo upate kutazamwa. Sheria ya kuuanzisha ilipitishwa mwaka 1790. Mwaka 1791 mpimaji Andrew Ellicott alianza kuweka alama za mipaka ya eneo la mraba, maili 10 kila upande, akisaidiwa na Benjamin Banneker, mtu mweusi huru aliyejifunza elimu ya nyota kwa juhudi yake mwenyewe. Mwaka huohuo Pierre L'Enfant, mhandisi Mfaransa, alichora ramani ya barabara pana zinazokutana kwenye viwanja, ili mpita njia aone mbali kila ageukapo.

Uzuri wa mji katika majira hayo uliongezwa na zawadi. Bibi Eliza Scidmore, mwandishi aliyepata kusafiri Japani, aliwasihi wakuu wa Washington kwa zaidi ya miaka 20 wapande micheri ya Kijapani kando ya mto Potomac, asisikilizwe. Mwishowe alimwandikia Bibi Helen Taft, mke wa Rais, naye akaipenda shauri hiyo. Mji wa Tokyo ulipeleka miti 2,000, ikafika Januari 1910. Lakini wakaguzi waliikuta ina wadudu na maradhi, ikabidi ichomwe moto. Wajapani hawakuvunjika moyo. Walipeleka mingine 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 Bibi Taft na mke wa balozi wa Japani, Bibi Chinda, wakapanda miwili ya kwanza kandokando ya bwawa liitwalo Tidal Basin. Mwaka 1935 ilianza kufanywa sherehe ya maua hayo, na tangu hapo msafiri wa majira ya kuchipua alikuwa na jambo jipya la kupangia siku zake.

Kupanga huko si rahisi, kwa sababu ua halifuati kalenda ya mtu. Walinzi wa bustani za taifa huhesabu kwamba maua yamefikia kilele siku ile asilimia 70 ya maua ya micheri ya aina ya Yoshino iwapo imefunguka. Mwaka 1990 siku hiyo ilikuwa tarehe 15 Machi. Mwaka 1958 ilikuwa tarehe 18 Aprili. Kati ya tarehe hizo mbili pana zaidi ya mwezi mzima, na maua yenyewe hayadumu ila siku chache, tena upepo na mvua zikija huwa machache zaidi. Aliyekata tikiti yake mapema huenda akakuta vitumba, na aliyechelewa akakuta maua yakielea majini kama makumbi.

Kwa jamaa ya Weupe kutoka Ohio au New York, fumbo la maua lilikuwa ndilo fumbo kubwa la safari. Kwa jamaa ya Weusi lilikuwa dogo kuliko yote. Baba na mama wa jamaa hiyo walikuwa na maswali matatu yaliyotangulia maua: tutalala wapi, tutakula wapi, na watoto wakibanwa na haja katikati ya mji watapelekwa wapi? Majengo ya Serikali yalikuwa wazi kwa macho ya wote. Mtu mweusi aliweza kupanda ngazi za Bunge na kuzitazama sanamu za mashujaa. Lakini akiisha kutazama, hoteli za katikati ya mji hazikumpokea, na mikahawa, isipokuwa michache kama ile ya kituo kikuu cha reli, haikumpa kiti. Hata lile bwawa lenye micheri lilikuwa na ufuko wa kuogea tangu mwaka 1918 hata 1925, nao ulikuwa wa Weupe peke yao. Na tarehe 30 Mei 1922, lilipofunguliwa jumba la ukumbusho la Abraham Lincoln, Rais aliyetangaza kuachwa huru kwa watumwa, wageni Weusi waliketishwa mbali, wametengwa na wenzao, ingawa Robert Moton, msomi mweusi, alikuwa mmoja wa wasemaji wa siku ile.

Mahitaji haya yalizaa kitabu. Victor Hugo Green, mpeleka barua mweusi aliyefanya kazi New Jersey na kuishi Harlem, alitoa mwaka 1936 kijitabu cha kuwaongoza wasafiri Weusi, akitaja hoteli, mikahawa, vinyozi na vituo vya petroli vilivyowapokea bila matata. Cha kwanza kilihusu New York na jirani zake tu. Baadaye kikaenea nchi nzima. Habari nyingi alizipata kwa wapeleka barua wenziwe na kwa wasomaji walioandika kueleza waliyoyaona njiani. Penye hoteli haba, kitabu kilitaja nyumba za watu: mama mwenye chumba cha ziada alikubali kumlaza mgeni na kumpikia kwa malipo ya kadiri. Washington ilikuwa na bahati kuliko miji mingi, maana Weusi wake walikuwa wengi na wenye elimu, na Chuo Kikuu cha Howard kilikuwapo tangu mwaka 1867. Karibu na mtaa wa U palikuwa na hoteli ya Whitelaw, iliyofunguliwa mwaka 1919 kwa bidii ya John Whitelaw Lewis na kwa fedha za Weusi wenyewe. Basi msafiri aliyekuwa na kitabu kile aliweza kulala Washington kwa heshima, mradi alijua kwamba mji wake ulianzia na kuishia katika mitaa fulani.

Hasara ya mambo haya haikuwa ya tumbo wala ya usingizi pekee. Mshairi Audre Lorde, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1982, ameeleza safari ya jamaa yake kutoka New York kwenda Washington mnamo mwaka 1947, naye ana umri wa miaka 13. Sababu mojawapo ya safari hiyo ilikuwa dada yake mkubwa. Darasa la dada huyo lilikwenda Washington, naye alikuwa mweusi peke yake; watawa waliofundisha skuli ile walimrudishia kwa siri arubuni yake, wakisema kwamba hoteli watakayofikia wenzake haitamfurahisha. Wazazi wakaahidi kuwapeleka wenyewe. Mama alipika na kufungasha chakula kingi cha njiani, asieleze wazi kwa nini hawangekwenda kula katika behewa la chakula. Walifikia hoteli ya rafiki ya baba. Walipoingia kwenye duka la aiskrimu na kuketi, mhudumu aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba hawawezi kula pale. Wakasimama wakatoka, na hapana aliyesema neno.

Kunyamaza huko ndiko kunakostahili kuangaliwa. Wazazi wale hawakuwa waoga. Walidhani kwamba jambo lisilotajwa haliwezi kumuumiza mtoto. Waliijua dhuluma, wakaipangia kama mtu apangiavyo mvua: chakula kikafungashwa, malazi yakatafutwa kwa rafiki, njia zikachaguliwa. Lakini mtoto aliona, na kwa kuwa hakuelezwa, alibakiwa na swali ambalo safari nzima iliandaliwa ili asiulize. Jamaa nyingi zilifanya kama wao, na hapana shaka zilifanya kwa upendo. Gharama yake haikuandikwa katika hesabu yoyote ya safari.

Wala sifa haikumkinga mtu. Mwaka 1939 chama cha mabibi wenye ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za Washington kilikataa ukumbi wao utumiwe na Marian Anderson, mwimbaji mweusi aliyekwisha pata sifa Ulaya nzima. Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajiuzulu katika chama hicho. Harold Ickes, Waziri wa Mambo ya Ndani, akatoa ruhusa Bibi Anderson aimbe mbele ya jumba la Lincoln. Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, watu wapatao 75,000, Weusi kwa Weupe, walisimama pamoja mahali palepale walipotengwa mwaka 1922. Hata hivyo mwimbaji mwenyewe alifikia nyumbani kwa Gifford Pinchot, aliyepata kuwa gavana wa Pennsylvania, kwa sababu hoteli hazikumpokea.

Ajabu ni kwamba mikahawa iliyowafukuza watu ilikuwa ikivunja sheria za mji wenyewe. Mwaka 1872 na 1873 baraza la Washington lilikuwa limeagiza kwamba kila mtu mwenye adabu ahudumiwe, rangi yake iwayo yote, na mwenye duka atakayekataa alipe faini ya dola 100 na kunyang'anywa leseni kwa mwaka mmoja. Sheria hizo hazikufutwa kamwe. Ziliachwa tu zisichapishwe katika vitabu vya baadaye, zikasahauliwa. Bibi Mary Church Terrell, mwalimu na mtetezi wa haki aliyezaliwa mwaka 1863, aliingia na wenzake katika mkahawa wa Thompson mwaka 1950, naye ana miaka 86, wakachukua chakula, wakanyimwa. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na tarehe 8 Juni 1953 majaji wakakata, bila hata mmoja kupinga, kwamba sheria zile zingali hai. Siku chache baadaye bibi yule alirudi mkahawani akala. Alifariki mwaka uliofuata.

Hukumu hiyo ilihusu Washington tu, na msafiri huja kwa njia. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na mabalozi wao wakawa wakisafiri kwa motokaa kati ya New York, penye Umoja wa Mataifa, na Washington. Katikati ni jimbo la Maryland na barabara nambari 40. Mwezi wa Juni 1961 Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alisimama njiani apate kahawa, naye yuko katika safari ya kwenda kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy. Akakataliwa. Hapo ile methali ya msafiri na sultani ilitimia kwa namna ambayo wahenga hawakuiwazia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka ule, na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, nazo zilianza mapatano na nchi ambayo hapakuwa bado na sheria ya taifa zima ya kumhakikishia mjumbe wao kikombe cha kahawa barabarani. Maryland ilipitisha sheria yake mwaka 1963, ikiziacha wilaya kadhaa nje. Sheria ya nchi nzima ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964.

Victor Green alikuwa amekwisha kufa mwaka 1960. Alikuwa ametumaini, na kuandika, kwamba siku itakuja ambapo kitabu chake hakitahitajiwa. Toleo la mwisho lilikuwa la 1966 na 1967. Jengo la Whitelaw lilitengenezwa upya likawa nyumba za kupanga mwaka 1992. Micheri ingali ikichanua, ingawa mwaka 2024 zaidi ya 100 ilikatwa ili kujengwa upya ukuta wa kingo za bwawa, na Japani ikaahidi mingine 250. Mwaka huo maua yalifika kilele tarehe 17 Machi, mapema mno, na wengi waliopanga safari ya Aprili walikuta majani. Walisikitika, na walikuwa na haki ya kusikitika. Lakini waliingia katika mkahawa wa karibu, wakaketi, wakaagiza chakula, na hapana aliyewauliza kwao ni wapi. Watu wengi waliofunga chakula chao katika vikapu na kukaa kimya garimoshini walikuwa wakiitazamia siku ya namna hiyo.