Shehena

Neno hili la asili ya Kiarabu lilipanda jahazi kabla ya kupanda pikapu. Kitenzi chake, kusheheni, ni kujaa pomoni, na hapo ndipo ninapopata hofu. Jahazi likizidiwa, maji hupanda ubavuni, nahodha akaona. Pikapu inayotoka Nakivale na mahindi kwenda Mbarara huinama nyuma tu. Usukani unakuwa mwepesi, breki zinachelewa kushika. Gari la kubeba tani moja limetosheka kwa magunia kumi ya kilo 100. Basi! Utingo hana nafasi, wala kina mama wanaoketi juu ya magunia. Sokoni tunasema "mzigo", na mzigoni hatumhesabu mtu. Springi zinamhesabu. Nataka shehena irudi midomoni, ikiwa na watu ndani yake.