Visahani vya Udongo: Historia ya Mchezo Uliokuwa Ukiongezewa Ugumu

Kisahani cha udongo kilichukua nafasi ya njiwa. Mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza walikuwa wakishindana kupiga njiwa hai waliofungiwa ndani ya visanduku. Kamba ilivutwa, kifuniko kikafunguka, ndege akaruka, na mpigaji aliyekuwa akisubiri nyuma akamfyatulia bunduki ya marisau. Mtindo huo ulifika hadi Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900, ambako Mbelgiji Léon de Lunden alitangazwa mshindi baada ya kuua njiwa 21. Shindano hilo halikurudi tena katika Olimpiki, na mwaka 1921 Uingereza ilipiga marufuku kwa sheria kupiga ndege wanaoachiwa kutoka kifungoni.

Wakati huo mbadala ulikuwa umeshapatikana. Wamarekani walianza katika miaka ya 1860 na mipira ya kioo iliyorushwa kwa mashine, na bingwa wao Adam Bogardus akaiboresha mwaka 1877. Lakini mpira wa kioo hupanda na kushuka kwa tao moja tu, na mwenye jicho zuri huuzoea upesi. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akasajili kisahani cha udongo chenye umbo la bakuli lililofudikizwa, ambacho hurushwa huku kikizunguka, kikapasua hewa na kuteleza mbali kwa mstari ulionyooka. Vya mwanzo vilichomwa vikawa vigumu kupita kiasi, hata marisau yaliweza kukigonga kisahani kisivunjike. Baadaye udongo uliachwa, ukatumika mchanganyiko wa lami na unga wa chokaa, ingawa jina la udongo limebaki. Kisahani cha mashindano ya kimataifa leo kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105.

Kutokana na kisahani hicho yalizaliwa mashindano ya aina nyingi, na wapenzi wake hawajaacha kubishana ni lipi gumu zaidi. Ubishi huo hauwezi kuamuliwa kwa kulinganisha alama peke yake. Kila aina ilibuniwa na ugumu wake, na kila walengaji walipouzoea, kanuni zilibadilishwa ili uongezeke. Walipoachwa bila kubanwa, alama kamili zilizagaa.

Aina kongwe ni trapu. Katika sura yake ya Kiingereza, mashine moja iliyofichwa mbele hurusha kisahani kuelekea mbali, nacho hukengeuka kwa nyuzi 22 hivi kulia au kushoto. Mlengaji anaruhusiwa risasi mbili: akivunja kwa ya kwanza hupata pointi tatu, kwa ya pili pointi mbili. Wamarekani wana trapu inayofanana na hiyo, ila risasi ni moja na pembe ni finyu zaidi. Anayetazama mara ya kwanza huona mambo mepesi, na kweli kisahani chenyewe si cha kutisha. Lakini mpigaji mzuri huvunja visahani vyote, kwa hiyo ushindani unahamia kwenye uvumilivu: atakayekosa mara moja baada ya mamia ya visahani ndiye anayeshindwa. Wamarekani walipoona hivyo walianza kuwarudisha nyuma washindi, hadi yadi 27, yaani karibu mita 25, kutoka kwenye mashine.

Trapu ya Olimpiki ni mnyama mwingine. Mbele ya walengaji kuna handaki lenye mashine 15, tatu kwa kila kituo kati ya vituo vitano, na mlengaji husimama mita 15 nyuma yake. Akipaza sauti, mojawapo ya mashine tatu zilizo mbele yake hurusha kisahani hadi umbali wa mita 76, kwa pembe inayoweza kufika nyuzi 45 upande wowote, kikiwa juu au chini. Mgao wa raundi ya visahani 25 umepangwa sawa kwa wote: kila mmoja hupata 10 vya kushoto, 10 vya kulia na vitano vya katikati. Asichokijua ni kipi kinachofuata. Kisahani hutoka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, na hata mlengaji mwepesi anapofyatua risasi ya kwanza kimeshakuwa zaidi ya mita 30 kutoka kwake. Risasi ya pili, inayoruhusiwa katika mchujo, hukikuta kwenye mita 40 hivi, mahali ambapo marisau yameanza kutawanyika na kuacha mianya.

Hapo ndipo kanuni ya uzito inapouma. Zamani risasi ya mashindano ilibeba gramu 32 za marisau. Kiasi hicho kilipunguzwa kwa awamu hadi gramu 24, kwa hiyo wingu la marisau likawa jembamba na nafasi ya kosa ikapungua. Hata hivyo walengaji walilifuata badiliko hilo, na leo alama ya 125 kati ya 125 imepatikana zaidi ya mara moja. Fainali nayo ikabanwa: risasi ni moja tu kwa kila kisahani, na tangu 2013 alama za mchujo hazibebwi tena kwenda fainali. Aliyeongoza siku mbili nzima huanza upya na aliyeponea chupuchupu.

Skiti ilikuja kwa njia tofauti. Charles Davis, mwindaji wa Andover katika jimbo la Massachusetts, alitaka mazoezi yanayofanana na ndege anayekatiza mbele ya mwindaji. Kabla ya 1920 yeye na wenzake, akiwemo William Foster, walichora duara kama uso wa saa, wakaweka mashine penye saa 12, kisha wakazunguka wakipiga kutoka kila alama. Jirani alipoanzisha ufugaji wa kuku, marisau yakawa yanamwangukia, na mwaka 1923 duara likakatwa nusu huku mashine ya pili ikiwekwa upande wa pili. Hivyo ndivyo uwanja wa skiti ulivyo hadi leo: nyumba mbili zinazotazamana, moja ikirusha kutoka juu na nyingine kutoka chini, na vituo vinane vya kupigia.

Katika skiti mlengaji anajua kisahani kitatoka wapi na kitapita wapi. Ugumu uko katika kutangulia. Akiwa kituo cha nne, katikati ya nusu duara, kisahani hukatiza mbele yake karibu mita 19 kwa mwendo unaoanza na mita kama 25 kwa sekunde. Marisau yanahitaji takriban sehemu ya ishirini ya sekunde kufika huko, na katika muda huo kisahani kimesogea zaidi ya mita moja. Anayekilenga chenyewe atapiga hewa nyuma yake. Lazima mtutu utangulie, uendelee kwenda wakati kidole kinavuta, na usisimame. Kwenye kituo cha kwanza nafasi hiyo ni ndogo sana, kwenye cha nne ni kubwa, na visahani viwili vikirushwa pamoja mlengaji hupiga kimoja kisha hugeuza mwili kufuata kinachokwenda upande wa pili.

Historia ya skiti inaonyesha wazi jinsi kanuni inavyotengeneza ugumu. Mwanzoni mlengaji alisubiri bunduki ikiwa chini ya bega, na kisahani kiliweza kucheleweshwa hadi sekunde tatu baada ya mwito. Wamarekani waliyaacha masharti hayo mawili katikati ya karne ya 20, na kwao alama kamili zikawa jambo la kawaida. Skiti ya kimataifa iliyashikilia na kuongeza kasi: kitako cha bunduki lazima kiguse mstari uliochorwa kwenye fulana karibu na kiuno hadi kisahani kionekane, na kisahani hurushwa umbali wa mita 68. Ni uwanja uleule na vituo vilevile, lakini mabingwa wa mtindo mmoja hawahamii mwingine bila kujifunza upya. Skiti iliingia Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico City. Huko Barcelona mwaka 1992, wanawake na wanaume wakishindana pamoja, Mchina Zhang Shan alivunja visahani vyote 200 kabla ya fainali, akatwaa dhahabu kwa jumla ya 223. Jambo la kusikitisha ni kwamba michezo iliyofuata haikuwa na nafasi kwa mwanamke katika skiti, na bingwa mtetezi hakuweza kutetea taji lake. Skiti ya wanawake ilianza mwaka 2000 tu.

Aina ya tatu ya Olimpiki ilikuwa dabo trapu, iliyoanza Atlanta mwaka 1996. Visahani viwili hurushwa kwa pamoja kutoka handakini, na kila kimoja kina risasi moja tu. Pembe zinajulikana na umbali ni mfupi kuliko wa trapu, mita 55 hivi, lakini hakuna risasi ya akiba. Aliyetumia muda mwingi kwenye cha kwanza hukikuta cha pili kimeshuka na kwenda mbali. Rekodi ya 198 kati ya 200 iliwekwa mwaka 2012 na Mwingereza Peter Wilson, ilhali dhahabu yake ya London miezi michache baadaye ilihitaji 188 tu. Tofauti hiyo inaeleza jinsi mchezo huo ulivyokuwa mwepesi kuharibika.

Dabo trapu ndiyo iliyoifungulia Ghuba mlango wa Olimpiki. Fehaid Al-Deehani alipata shaba Sydney mwaka 2000, medali ya kwanza ya Kuwait katika historia ya michezo hiyo. Athens 2004, Ahmed Al Maktoum wa Dubai alipata 189 na kumwacha Mhindi Rajyavardhan Rathore, aliyekuwa wa pili, kwa pointi 10. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Falme za Kiarabu. Al Maktoum ndiye aliyemfundisha Wilson bila malipo hadi akawa bingwa. Eneo ambalo kwa vizazi watu wake wamewinda kwa mwewe na bunduki jangwani lilikuwa na hazina ya wapigaji, na fedha za kujenga viwanja zilipopatikana, hazina hiyo ikaonekana.

Qatar ilijenga vyake Lusail, kaskazini mwa Doha. Viwanja hivyo vilitumika katika Michezo ya Asia ya Desemba 2006 na Michezo ya Kiarabu ya 2011. Mahali pa namna hiyo huongeza ugumu ambao hauandikwi kwenye kanuni. Ardhi ni tambarare na wazi, na upepo wa shamali unaovuma kutoka kaskazini-magharibi haukutani na kizuizi. Ukivuma kumkabili mlengaji, hukiinua kisahani juu ya njia yake. Ukitoka nyuma yake, hukigandamiza chini. Katika trapu, ambako kisahani husafiri mbali, badiliko hilo ni kubwa kuliko katika skiti, ambako hupigwa karibu. Vumbi nalo huichafua anga, na rangi ya kisahani haijitokezi tena kwa ukali.

Mqatar aliyeupa mchezo huu jina kubwa nyumbani ni Nasser Al-Attiyah, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa ushindi wake wa mbio za magari za Dakar. Yeye ni mtu wa skiti. Alishiriki Olimpiki sita mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2016. Athens alikosa shaba katika mchuano wa kuvunja sare na Mkuba Juan Miguel Rodríguez. Miaka minane baadaye, London, alilingana na Mrusi Valeriy Shomin kwa 144, wakaingia tena kwenye mchuano wa namna hiyo, na safari hii shaba ikawa yake. Mchuano huo ni ugumu wa aina ya pekee: hupigwa visahani viwili viwili, na anayekosa huku mwenzake akipata amekwisha.

Nje ya Olimpiki kuna spotingi, iliyokua Uingereza tangu miaka ya 1920, na wengi wanaoshiriki aina zote huitaja hii kuwa ngumu kuliko nyingine. Uwanja wake hufuata mabonde na miti, na hakuna viwanja viwili vinavyofanana. Visahani huja vikikatiza, vikishuka, vikipaa juu ya kichwa, au vikibingirika ardhini kama sungura. Vingine ni vidogo, vya milimita 90 au 60, na vingine ni vyembamba hivi kwamba vikiwa ubavu havionekani. Hapa bingwa wa dunia hukosa mara kadhaa na bado akashinda. Mwingereza George Digweed, mwenye mataji ya dunia zaidi ya 20, aliyapata katika mchezo ambao alama kamili ni nadra. Kwa hiyo anayepima ugumu kwa idadi ya visahani vilivyokoswa atachagua spotingi. Anayeupima kwa adhabu ya kosa moja atachagua trapu au skiti.

Kipimo bora ni mtu aliyefanikiwa katika aina mbili, nao ni wachache. Al-Deehani ni mmoja wao. Alipata shaba ya trapu London 2012, kisha dhahabu ya dabo trapu Rio 2016, akishindana chini ya bendera ya Olimpiki kwa kuwa Kuwait ilikuwa imesimamishwa. Dhahabu hiyo ilikuwa ya mwisho kutolewa katika dabo trapu. Mwaka uliofuata aina hiyo iliondolewa, na Tokyo nafasi yake ikachukuliwa na trapu ya timu mchanganyiko ya mwanamke na mwanamume. Fainali ya Kombe la Dunia ilipofanyika Doha Novemba 2023, walengaji wa bunduki za marisau walikuja kwa trapu na skiti tu.