Asali Bila Maziwa

Biblia inaahidi nchi ijaayo maziwa na asali. Rungwa, kusini mwa Singida, kwenye barabara ya Itigi kwenda Chunya, ilipata asali tu.

Aliyeamua hivyo ni mbung'o. Akimuuma ng'ombe humwachia vimelea vya nagana, na mnyama hukonda mpaka afe. Ndiyo maana Wakimbu, wenyeji wa misitu hii ya miombo, hawakujulikana kwa ufugaji. Walilima, waliwinda, walitundika mizinga ya magome mitini. Maziwa yalikuwa ya majirani, Wagogo na Wanyaturu, kwenye nyika za wazi. Malale yalipoenea magharibi mwa Tanganyika, Waingereza waliwahamisha watu kutoka maporini na kuwakusanya pamoja. Mwaka 1951 Rungwa ikawa pori la akiba, ingawa kwa maoni yangu nzi alikuwa amelilinda pori hilo muda mrefu kabla ya askari yeyote wa wanyamapori.

Shangazi yangu alikulia huko. Maziwa aliyazoea ukubwani, ndani ya chai. Alipoambiwa ana kisukari, majirani walimshauri aache maziwa kwanza. Akaacha. Akahamia chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari.

Tupige hesabu. Kikombe cha robo lita ya maziwa kina takriban gramu 12 za laktosi, sukari ya asili ya maziwa. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ni gramu zilezile 12, ila hizi huingia bila protini wala mafuta, na hupandisha sukari ya damu haraka zaidi.

Mtindi ndio umesifiwa zaidi. Machi 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu wauzaji waandike kwamba angalau vikombe 2 kwa wiki huenda vikapunguza hatari ya kisukari aina ya pili, mradi wakiri kuwa ushahidi ni mdogo. Tena sehemu kubwa ya ushahidi huo inatoka Ulaya na Marekani, kwa watu waliokunywa maziwa tangu utotoni.

Kwetu lilifanyika jambo jingine. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha laktosi, kisha wakawapima sukari kwenye damu. Iliyopanda ilimaanisha mwili unaweza kuimeng'enya, na kwa wengi sababu ilikuwa badiliko la kijeni tofauti na lile la Wazungu, lililoenea pamoja na ufugaji. Yaani namba kupanda, jambo linalomkosesha shangazi usingizi, pale ilikuwa dalili ya urithi wa wafugaji.

Nilimweleza haya yote. Alinisikiliza kwa adabu.

Nilipomtembelea tena alikuwa ameanza kununua mtindi kwa wafugaji waliohamia karibu. Alikuwa ameukoroga na asali.