"Don" na pacha wake "doff"

Waingereza wa kale walisema "do on", yaani tia mwilini. Ulimi ulipoharakisha, maneno mawili yakashikana: "don", kuvaa. "Doff", kuvua, lilizaliwa vivyo hivyo kutokana na "do off". Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliyaandika yote mawili kuwa yamepitwa na wakati. Karne ya 19 Walter Scott akayarudisha kwenye riwaya zake, na nampa heko, maana ni maneno mafupi yenye nguvu. Leo yamehamia hospitalini. Wauguzi wa wodi za Ebola hufundishwa kuvaa na kuvua kwa majina hayohayo, na kuvua ndiko kwenye hatari zaidi: virusi vimebaki juu ya glavu na gauni, kwa hiyo mikono husafishwa kila hatua.